Sampuli ya Kwanza Isichukuliwe Kabla Wenyeji Hawajaitwa

Waheshimiwa viongozi, ndugu wataalamu, wakandarasi, na ninyi wakazi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa kwenye viti hivi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie ushirikishwaji wa jamii katika kusafisha maeneo yenye taka za sumu. Nitasema jambo moja, na muda niliopewa nitautumia kulitetea. Mwenyeji aitwe kabla ya sampuli ya kwanza ya udongo au maji kuchukuliwa, na akija awe na uwezo wa kubadilisha mpango. Akiitwa wakati mkandarasi keshapatikana, ramani zimeshachorwa na bajeti imeshapitishwa, huyo hashirikishwi. Huyo anaarifiwa tu.

Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo. Mhandisi anaonyesha picha ukutani, zimejaa mistari ya rangi na vifupisho ambavyo hata baadhi ya wenzake hawavijui. Anazungumza karibu saa nzima. Halafu anauliza, "Kuna swali?" Mama mmoja anasimama, anauliza kama mwanawe anaweza kuendelea kucheza uani. Anajibiwa kwamba sehemu kubwa ya vituo vilivyopimwa viko chini ya kikomo kinachoruhusiwa. Anakaa. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanatia sahihi, na karatasi hiyohiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa.

Jambo hili linaniuma. Katika mkutano mzima, yule mama ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote, na hakuna aliyemjibu. Hakuuliza habari za vituo. Aliuliza habari za ua wake.

Sasa tujiulize, ni nani anayejua sumu iko wapi? Tunapenda kuamini kwamba jibu liko kwenye majalada ya kiwanda. Mara nyingi haliko. Kampuni imeshafungwa, wenyewe wameshaondoka, na kama kuna jalada basi linaeleza kile kilichopaswa kufanyika. Halielezi kilichofanyika usiku. Anayejua ni mlinzi wa zamani, dereva wa lori, kibarua aliyepewa pipa na kuambiwa alimwage huko nyuma. Anajua mfugaji aliyeona mbuzi wake wakifa baada ya kunywa maji ya mtaro fulani. Wanajua watoto, kwa sababu watoto hupita kila mahali penye uzio uliotoboka. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wataalamu hatulali pale.

Nitatoa mfano ambao dunia nzima ilijifunza kwake. Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, Marekani, kuna mahali panaitwa Love Canal. Kati ya 1942 na 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilifukia takriban tani 20,000 za taka za kemikali kwenye mfereji ambao uchimbaji wake uliachwa njiani. Mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule ya mji ardhi ile kwa dola 1, na hati ya mauzo ikataja kwamba chini yake kuna taka za kemikali. Shule ikajengwa. Nyumba zikafuata.

Mwaka 1978, hali ya dharura ilipotangazwa, familia 239 za safu mbili za nyumba zilizo karibu zaidi na mfereji zilihamishwa. Uzio ukawekwa, na waliobaki nje ya uzio wakaambiwa hawana sababu ya kuhama. Lois Gibbs alikuwa mmoja wao. Alikuwa mama wa watoto wawili, hana shahada yoyote ya sayansi. Yeye na jirani zake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ameugua nini, nani mimba yake imeharibika, mtoto gani amezaliwa na kasoro. Kila jibu likatiwa alama kwenye ramani ya mtaa. Alama zile hazikutawanyika ovyo, wala hazikupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na mfereji. Zilijipanga kwa mistari. Ilipotazamwa vizuri, mistari ile ilikuwa njia za vijito vya zamani vilivyofukiwa wakati nyumba zinajengwa. Maji ya chini yalikuwa bado yanazifuata, na kemikali zilikuwa zinakwenda na maji.

Mwanasayansi Beverly Paigen aliwasaidia kuzipanga takwimu hizo. Maafisa wa afya wa jimbo walizibeza wakasema ni takwimu za akina mama wa nyumbani. Lakini Februari 1979 jimbo lenyewe likawashauri wajawazito na familia zenye watoto wa chini ya miaka miwili wa mtaa ule mpana waondoke. Mwaka 1980 serikali kuu ikakubali kuwahamisha waliobaki, na Desemba mwaka huohuo Marekani ikapata sheria yake ya kusafisha maeneo ya namna hii.

Mnaona jinsi ilivyokuwa? Wataalamu walikuwa na vipimo na walikuwa na maabara. Walichokosa ni ile habari kwamba palikuwa na vijito. Habari hiyo ilikuwa inakaa sebuleni kwa watu, na haikugharimu zaidi ya kugonga mlango.

Ndiyo maana nasema kabla ya sampuli. Mpango wa sampuli ndio unaoamua kila kitu kinachofuata. Mahali ambapo hukupima, kwenye ripoti yako pataonekana pasafi. Mhandisi akikaa ofisini hugawa eneo kwa miraba iliyo sawasawa na kuweka alama katikati ya kila mraba. Ni njia nzuri, mimi siibezi. Lakini mtoto hachezi katikati ya mraba. Anacheza kizingitini, chini ya mti wenye kivuli, kando ya mtaro ambako maji ya mvua huacha tope laini. Kibarua wa kiwanda cha kuyeyusha betri hakukung'uta nguo zake kwenye mraba namba 14. Alizikung'uta mlangoni kwake, kila jioni, miaka nenda rudi.

Hapa nataka niwaeleze kidogo wale ambao si kazi yao. Risasi, nazungumzia madini ya risasi, haimpati mtoto kwa kupita karibu na kiwanda. Inampata kwa vumbi. Vumbi linatua sakafuni, kwenye mkeka, kwenye kichezeo. Mtoto anatambaa, anashika, anatia mkono mdomoni. Mwili wake hufyonza risasi kwa kiwango kikubwa kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo yule mama akiuliza habari za ua wake, kumjibu kwa wastani wa mtaa ni kumkosea.

Ajibiwe namna gani? Siku hizi kuna kifaa cha mkononi kinachopima kwa eksirei. Ukikielekeza kwenye udongo kinakupa namba pale pale, bila kusubiri maabara, ingawa baadhi ya sampuli lazima zipelekwe maabara kuthibitisha. Nendeni naye uani kwake. Mwulizeni mtoto anapenda kukaa wapi. Pimeni pale, na yeye aione namba kwa macho yake. Pimeni kizingiti, pimeni chini ya paa ambako maji hudondoka, pimeni ndani nyuma ya mlango. Kisha mwambieni kwa maneno ya kawaida: kona hii asicheze, hapa hapana neno, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu, viatu vibaki nje, mikono ioshwe kabla ya kula, na sisi tutarudi tarehe fulani kuuondoa udongo huu. Tarehe hiyo ikifika, mrudi. Anayeahidi tarehe asirudi hupoteza kila alichokipata siku ya kwanza, na hakiokoti tena.

Kuna watu watakaoniambia kwamba wenyeji nao huficha. Ni kweli. Mara nyingi huficha, na mara nyingi wana sababu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuta watoto wanakufa kwa wingi vijijini. Ilikuwa ni risasi. Watu walikuwa wanachimba dhahabu, na mawe yenye dhahabu ile yalikuwa yamejaa risasi. Yalisagwa vijijini, na mengine majumbani kabisa, hata kwa mashine za kusagia nafaka. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Mwanzoni wengi walisema ni malaria, na wengine walinyamaza, kwa hofu kwamba uchimbaji utapigwa marufuku na watakosa cha kulisha hao watoto waliobaki.

Jiwekeni mahali pao. Anakuja mgeni na gari, amevaa glavu, anauliza kama kuna mtoto aliyekufa. Ukisema ndiyo, kesho anakuja mwingine kukufungia kazi. Ungesema nini? Kwa hiyo anayetaka ukweli wa afya lazima awe tayari kuzungumza habari za riziki siku hiyohiyo na mezani hapohapo. Kusaga kuhamishiwe mbali na makazi. Mawe yalowanishwe maji ili yasitoe vumbi. Mchimbaji aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Mambo hayo hayawezi kuamriwa kutoka mjini, kwa sababu anayejua maji yanapatikana wapi na mashine inaweza kuhamishiwa wapi ni mwanakijiji.

Vijiji vya mwanzo kusafishwa, Dareta na Yargalma, vilisafishwa mwaka huohuo wa 2010. Wanakijiji walifundishwa kazi, wakakwangua udongo wa juu kwa zana za mkono, ukafukiwa mbali, na udongo safi ukaletwa kuufunika ua. Na kuna jambo moja la Zamfara ambalo kila daktari na kila mhandisi aliye hapa anapaswa kulishika. Dawa ya kutoa risasi mwilini haikutolewa kwa mtoto ambaye nyumba yao ilikuwa bado haijasafishwa, kwa sababu akirudi kwenye vumbi lilelile tiba haimsaidii. Kwa hiyo jembe lilitangulia, dawa ikafuata. Kijiji cha Bagega kilisubiri fedha hadi 2013. Fikirieni mzazi wa Bagega, anajua ugonjwa ni nini, anajua dawa ipo, anajua hata sababu ya mtoto wake kutopewa, na anasubiri udongo uondolewe. Katika kungoja kule, kumweleza mzazi ukweli kila wiki ni sehemu ya kazi, sawa na kuchimba.

Niingie kwenye jambo la pili linalotokana na lile la kwanza. Nimesema mwenyeji awe na uwezo wa kubadilisha mpango. Atabadilishaje mpango asiouelewa? Ripoti ya tathmini ya eneo la sumu inaweza kuwa na kurasa mia kadhaa. Aliyeiandika analipwa na serikali au na kampuni. Anayeitafsiri kwa wananchi ni yeye yuleyule. Hata kama ni mtu mwadilifu kabisa, na wengi ni waadilifu, mwananchi hana njia ya kujua.

Wamarekani walilitambua hili mwaka 1986 waliporekebisha sheria yao. Waliweka ruzuku, mwanzoni hadi dola 50,000, ambayo kikundi cha wakazi wa karibu na eneo lililochafuliwa kinaweza kuomba ili kiajiri mtaalamu wake chenyewe. Kazi ya mtaalamu huyo ni kusoma ripoti, kueleza maana yake, na kuuliza maswali ambayo wakazi wangeyauliza kama wangekuwa wamesomea kemia. Katika bajeti ya kusafisha eneo kubwa, ambayo huenda ikafika mamilioni mengi, fedha hii ni ndogo mno. Nawaomba mlio na mamlaka ya kupanga bajeti muitenge. Fungu la uhamasishaji mnaloliweka, la kuchapisha fulana na mabango, lingetosha kumlipa mtu mmoja anayeijua sumu na asiyewajibika kwenu.

Najua wapo wanaoogopa. Wanasema mtaalamu wa wananchi atakuja kupinga tu. Nawajibu kwa habari ya kaunti ya Warren, jimbo la North Carolina, hukohuko Marekani. Mwaka 1978 mafuta yenye PCB, kemikali za sumu za viwandani, yalimwagwa kwa siri kandokando ya barabara, takriban kilomita 390. Jimbo likaukusanya udongo ule na kuamua kuufukia Warren, kaunti ambayo wakazi wake wengi walikuwa watu weusi na maskini. Wakazi walipinga. Mwaka 1982 watu zaidi ya 500 walikamatwa, wengine wakiwa wamelala barabarani mbele ya malori. Jaa likajengwa vilevile. Baadaye maji yakaonekana yamejaa ndani ya jaa lile lililoahidiwa kuwa kavu. Safari hii jimbo likakaa na wakazi kwenye kamati moja, na wakazi wakawa na washauri wao wa sayansi. Walichokubaliana ni kwamba udongo utasafishwa hapohapo ulipo, usipelekwe kwa jirani mwingine. Kazi ikamalizika mwaka 2003. Waliokuwa wakilala barabarani ndio waliosaidia kupata suluhisho, tofauti ikiwa ni kwamba mara ya pili waliulizwa.

Na hapo kwenye neno la jirani tusipite haraka. Tunapozungumza habari za jamii huwa tunamaanisha wale wanaoishi palipochafuliwa. Tunawasahau wa njiani na wa huko inakopelekwa. Bhopal, nchini India, mnaijua, ile gesi ya sumu iliyovuja kutoka kiwanda cha viuatilifu Desemba 1984 na kuua maelfu ya watu. Taka za kiwanda kile zilikaa pale miongo minne. Mwanzoni mwa Januari 2025, baada ya mahakama kutoa muda wa wiki 4, tani 337 zilipakiwa kwenye malori na kupelekwa mji wa Pithampur, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, zikachomwe. Watu wa Bhopal walikuwa wamesubiri siku ile kwa miaka mingi. Watu wa Pithampur wakaingia barabarani kupinga, na wawili wakajaribu kujitia moto. Taka zilichomwa hatimaye, katikati ya mwaka. Lakini mkandarasi mwenye hesabu nzuri za joto la tanuri hana cha kumwambia mtu anayejimwagia petroli kwa sababu ameletewa sumu ya watu wengine na hakuna aliyemweleza kitu kikaeleweka. Njia ya lori ni sehemu ya eneo la mradi. Mahali pa kufukia ni sehemu ya eneo la mradi. Wanaokaa huko waitwe siku ileile wanayoitwa wa kwanza.

Na pale ambapo wenyeji hawakusikilizwa tangu mwanzo, kesi huishia mahakamani, na mahakama ina mwendo wake. Mnaijua Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, Kenya. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukutani kwa watu kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile. Mwanawe mchanga akaugua, ikaonekana ana risasi mwilini. Akaacha kazi akasimama na wakazi. Walishtaki mwaka 2016. Julai 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza udongo na maji yasafishwe. Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha fidia. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kinafungwa alikuwa na miaka 10. Utoto, ambao ndio umri risasi inadhuru zaidi, ulikuwa unaisha wakati mawakili wanabishana.

Kuhusu ajira sitakaa sana, kwa kuwa wengi mnalikubali: kazi za usafishaji wapewe wenyeji. Nami nakubali, kwa sharti moja. Wapewe kazi pamoja na kinga yake yote. Nimeona kibarua wa mtaani amepewa glavu na kitambaa cha kufunika pua, na msimamizi aliye umbali wa hatua 20 kutoka kwenye vumbi amevaa barakoa ya kichujio na vazi la kufunika mwili mzima. Wananchi wakiona picha hiyo wanajua papo hapo maisha ya nani yana thamani kwenye mradi, na hotuba zetu zote haziwezi kuifuta. Damu ya kila mfanyakazi ipimwe kabla ya kuanza, wakati wa kazi na baada yake, na majibu apewe yeye mwenyewe mkononi.

Nimalizie na kipindi ambacho hakuna anayependa kukilipia: baada ya mashine kuondoka. Ni maeneo machache sana ambayo sumu huondolewa yote. Mara nyingi sehemu hubaki, imefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na turubai zito la plastiki, imezungukwa na visima vya kuchunguza maji ya chini. Sheria ya Marekani inataka eneo lililobakiwa na taka likaguliwe upya angalau kila baada ya miaka 5. Lakini kati ya ukaguzi na ukaguzi kuna mtu atakayetaka kujenga choo pale. Kuna mvua itakayochimba kona ya kifuniko. Kuna kijana atakayeng'oa mfuniko wa kisima auze chuma. Kama mtaa haujui kilichopo chini, hayo yote yatatokea na hakuna atakayeripoti.

Kwa hiyo naomba kamati ya wakazi isivunjwe siku ya makabidhiano. Iwe na nakala ya ramani inayoonyesha kilichobaki na kina chake. Nakala nyingine ibandikwe ofisi ya mtaa na ihifadhiwe shuleni, maana viongozi hubadilika na walimu hufundisha kizazi baada ya kizazi. Kamati iwe na ufunguo mmoja wa visima, ifundishwe kuchota sampuli, na iwe na namba ya simu ya afisa ambaye ni wajibu wake kupokea. Majibu ya maabara yaende kwao siku ileile yanapokwenda wizarani. Na fedha za kazi hiyo, za miaka yote hiyo, ziwekwe kwenye mkataba sasa, kabla mkandarasi hajalipwa awamu yake ya mwisho.

Rasimu ya mpango wa eneo hili imegawiwa mezani. Ukurasa wa sampuli bado ni mtupu, na nimefurahi kuukuta mtupu. Wakazi mlio hapa, kalamu zipo. Tuanze na mtaro.